Joy Adamson na Shule ya Maua

Jina la Joy Adamson likitajwa, wengi wetu hukumbuka simba. Kitabu chake juu ya Elsa, simba jike aliyelelewa na binadamu kisha akarudishwa porini, kilitoka mwaka 1960 na kikasomwa karibu dunia nzima. Filamu ikafuata mwaka 1966. Lakini kabla Elsa hajazaliwa, mama huyu alikuwa amekwisha kukaa Kenya karibu miaka 20, na kazi iliyomjengea jina hapo mwanzo haikuwa ya wanyama. Alikuwa mchoraji. Alianza na maua, akaenda kwa watu, na simba akaja mwishoni.

Ndugu msomaji, makala hii inayafuata maisha yake kwa njia hiyo ya brashi na karatasi. Sababu ni kwamba katika kujifunza kuchora maua, Joy alijipatia jicho ambalo wachache wanalo. Swali linalobaki ni kama jicho lililozoea ua linatosha kumwona mwanadamu. Hilo ni swali la kila anayejiandaa kuwatumikia watu.

Binti wa Troppau

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya Dola ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walimwita Friederike Victoria Gessner. Alikuwa wa pili kati ya mabinti watatu, na baba yake alikuwa ametamani mtoto wa kiume. Wazazi waliachana yeye akiwa bado mdogo, naye akalelewa na bibi yake huko Vienna.

Ujana wake ulikuwa wa kutafuta. Alijifunza piano, akajifunza ushonaji, akajaribu uchongaji, kisha akaanza kujiandaa kwa masomo ya udaktari. Alikuwa na vipawa vingi, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kazi yake ya maisha. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mtu mwenye asili ya Kiyahudi. Wakati huo Wanazi walikuwa wakizidi kupata nguvu, na hatari ilikuwa inaikaribia Austria. Wakafikiri kuhamia mbali, na mwaka 1937 Friederike akatangulia kwenda Kenya kuangalia kama wangeweza kuishi huko.

Katika meli alikutana na Mswisi mmoja, mtaalamu wa mimea, aitwaye Peter Bally. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Miaka michache baadaye na hiyo nayo ikavunjika, na mwaka 1944 akaolewa na George Adamson. Sisi tunaofundishwa uzito wa kiapo cha ndoa hatuwezi kuisoma sehemu hii kana kwamba ni jambo dogo, wala haifai kuificha. Mimba zake ziliharibika, na hakupata mtoto. Alikuwa mwanamke aliyekosa nchi, aliyekosa familia ya kutulia ndani yake, na mpaka hapo hata jina alilojulikana nalo baadaye hakuwa nalo. Jina la Joy, yaani Furaha, alipewa na Bally.

Somo la Chyulu

Bally hakumpa jina tu. Alimpa pia kazi. Yeye mwenyewe alijua kuchora mimea, na alikuwa mtaalamu wa mimea katika Jumba la Makumbusho la Coryndon mjini Nairobi, ambalo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 1938 jumba hilo lilituma msafara wa wanasayansi katika vilima vya Chyulu, ng'ambo ya mpaka, upande ule ambao Kilimanjaro huonekana kutokea Kenya. Bally alikusanya mimea, na mke wake, kwa kutiwa moyo naye, akaanza kuichora.

Tufikirie kidogo kazi hiyo ilivyo, maana anayeiona picha iliyokamilika hudhani ni jambo la kupamba tu. Ua linaletwa limekatwa. Tangu dakika lilipokatwa limeanza kufa, na katika joto la nchi zetu halingoji. Linatiwa majini. Mchoraji analipima, kwa kuwa picha ya kisayansi hutakiwa kuonyesha vipimo vya kweli. Anahesabu petali na stameni. Anaangalia majani yanavyokaa kwenye shina, kama yamekabiliana au yamepishana. Anatazama upande wa chini wa jani, kama una vinyweleo au ni laini. Ndipo anaweka penseli kwenye karatasi, taratibu, bila kukandamiza.

Kisha zinakuja rangi za maji. Rangi hizi hazisamehe. Mwenye kutumia rangi za mafuta akikosea anaweza kungoja zikauke akafunika kosa. Kwa rangi za maji, mwanga wa picha ni weupe wa karatasi yenyewe, hivyo mchoraji huanza na rangi hafifu, akaongeza tabaka juu ya tabaka kuelekea giza, na pale panapotakiwa kung'aa hapagusi kabisa. Akishapachafua, weupe ule haurudi. Na rangi ya ua lenyewe lazima ichanganywe mapema, kwa sababu mpaka jua la mchana zambarau itakuwa imefifia na nyekundu imegeuka.

Anayelijua Bonde la Kilombero ataelewa. Yungiyungi la bluu hufunguka asubuhi juu ya maji, na alasiri huanza kujifunga. Atakayetaka kulichora ana saa chache tu za kuliona lilivyo. Hawezi kuchora anachokumbuka, wala anachodhani ua linapaswa kuwa. Anatakiwa kukaa kimya na kupokea kilichopo mbele yake.

Kwetu tunaosoma falsafa, hilo ni somo la mwaka wa kwanza: maarifa yetu yanaanza katika milango ya fahamu. Mtakatifu Thomas wa Akwino, alipoielezea Kanuni ya Imani, alionya kwamba akili yetu ni dhaifu kiasi kwamba hakuna mwanafalsafa aliyewahi kumaliza kuchunguza asili ya nzi mmoja. Mwalimu mkuu kama huyo aliinama mbele ya nzi. Joy, ambaye hakuwa mwanafalsafa, aliinama mbele ya ua la mwituni, na akagundua kwamba kila akirudi kulitazama kuna kitu alikuwa amekiruka.

Alichora mamia ya mimea. Picha zake ziliingia katika vitabu, kikiwemo kile cha Jex-Blake juu ya kilimo cha bustani Afrika Mashariki, na baadaye kile cha Dale na Greenway juu ya miti na vichaka vya Kenya, kilichotoka mwaka 1961. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell. Mwanamke aliyejaribu piano, ushonaji na uchongaji, hatimaye alikuwa amepata kazi iliyomshika.

Bonde letu nalo linaijua kazi ya namna hii. Waswisi hawakufika Nairobi peke yake. Walifika Ifakara pia: Wakapuchini, masista wa Baldegg, na wanasayansi wa Basel walioanzisha maabara hapa mwaka 1957. Mwaka 1964 Mswisi F. Haerdi alichapisha utafiti mkubwa juu ya mimea ya dawa ya wilaya ya Ulanga. Na katika milima ya Udzungwa, juu ya mawe yenye kivuli na unyevu, linaota lile ua dogo la zambarau ambalo wataalamu wameliita Saintpaulia. Ndugu zake walichukuliwa Usambara mwaka 1892, wakapelekwa Ujerumani, na leo wako katika vyungu kwenye madirisha ya Ulaya nzima. Ua moja linaweza kujulikana dunia nzima huku wanaoishi chini ya mlima wake wakipita bila kuliona.

Ua la aina na ua hili hapa

Hapa tunahitaji kutoka Kenya kidogo twende Antwerp, kwa sababu kuna namna mbili za kuchora ua, na tofauti yake itatusaidia kuyaelewa maisha ya Joy.

Miaka zaidi ya 300 kabla yake, aliishi Antwerp mchoraji Jan Brueghel, aliyefariki mwaka 1625. Rafiki yake mkubwa alikuwa Kardinali Federico Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano, ambaye alipenda picha za maua na kuzitumia kama msaada wa tafakari. Brueghel alichora mashada makubwa yenye mawaridi na maua ya misimu mbalimbali, ambayo katika maisha ya kawaida hayawezi kuchanua siku moja. Ilimbidi alingoje kila ua katika msimu wake, na mengine alisafiri kwenda kuyaona katika mji mwingine.

Mwanafunzi wake mmoja aliitwa Daniel Seghers. Huyu mwaka 1614 alijiunga na Shirika la Yesu akawa bruda, na aliendelea kuchora mpaka kufa kwake mwaka 1661. Alizoea kuizungushia sura ya Bikira Maria taji la mawaridi na maua mengine. Hatushangai, kwa kuwa hata neno Rozari linatoka katika neno la Kilatini lenye maana ya bustani ya mawaridi. Picha zake hazikuuzwa. Wajesuti walizitoa zawadi kwa wafalme na wakuu, hata wale wa Kiprotestanti.

Sasa, anayejifunza kuchora waridi katika picha ya namna hiyo, juu ya meza au ndani ya chombo, hukutana na ugumu wake. Waridi la mwituni lina petali tano tu. Waridi la bustani lina nyingi, kwa kuwa vizazi vya wakulima vilichagua yale ambayo stameni zake zimegeuka petali. Petali hizo zinafunikana, na kila moja ina kivuli chake. Anayeanza huzichora zote zikiwa sawa, na picha hutoka kama kabichi. Anayejua huanza na umbo zima, kama kikombe, anatafuta upande wa mwanga na upande wa giza, kisha ndipo huzitenga petali chache zinazoonekana wazi. Na halifichi ua lenyewe lilivyo: petali iliyotobolewa na mdudu, ukingo ulioanza kuwa kahawia, jani lililoanguka mezani. Waridi lile linakufa, na mchoraji analichora likiwa hilo, si jingine.

Mchoraji wa sayansi hufanya kinyume. Kwake tundu la mdudu ni ajali. Anaweza kutazama maua kumi ya mmea mmoja ili apate moja linaloyawakilisha yote. Anachora aina, kile ambacho katika darasa la metafizikia tungekiita asili ya kitu, na anaacha yaliyompata ua hili peke yake. Kazi hiyo ni ya haki kabisa. Bila hiyo daktari hawezi kutofautisha dawa na sumu. Lakini ni jicho la aina yake, na Joy alilinoa kwa miaka mingi.

Kutoka maua kwenda kwa watu

George Adamson alikuwa bwana nyama wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, makao yake yakiwa Isiolo. Kuishi naye kulikuwa kuishi safarini, kwa ngamia na mahema. Joy alichukua brashi zake. Wakati fulani alikwenda London akasoma katika shule ya sanaa ya Slade ili aongeze ujuzi, hasa wa kuchora watu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora makabila ya Kenya katika mavazi na mapambo yao ya jadi, ambayo wengi waliona yanatoweka. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa na kuchora mamia ya picha. Nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake juu ya watu wa Kenya.

Ni kazi ambayo wajukuu wa wazee wale wana haki ya kuifurahia. Shanga, ngozi, vilemba vya manyoya na michoro ya mwilini imewekwa kwa uaminifu uleule aliokuwa akiweka stameni. Lakini mtazamaji wa leo anaweza pia kuuliza swali. Kazi aliyoagizwa ilikuwa kuchora makabila, kila kabila na vazi lake, kama vile kitabu cha mimea kinavyoonyesha kila mmea na jani lake. Je, mzee aliyekaa mbele yake alikuwa mfano wa kabila, au alikuwa mzee huyu, mwenye jina lake, deni lake, mtoto wake mgonjwa nyumbani?

Mwanafalsafa Boethius alimfafanua mtu kuwa nafsi ya pekee yenye asili ya akili. Uzito uko katika hilo neno la pekee. Ua moja linaweza kusimama badala ya ndugu zake wote. Mtu hawezi kuwakilishwa na mwingine hata kama wanavaa shanga zilezile.

Miaka ya simba na mwisho wa Shaba

Mwaka 1956 George alileta nyumbani watoto watatu wa simba baada ya mama yao kuuawa. Mmoja wao ndiye Elsa. Yaliyofuata yanajulikana. Tunachopaswa kusema kwa haki ni kwamba Joy hakuutumia umaarufu huo kujitajirisha. Mapato ya vitabu vyake yalikwenda kwa wingi katika kuhifadhi wanyama, na watu wengi waliolikubali wazo la hifadhi walilikubali kwa sababu ya Elsa.

Lakini waandishi wa maisha yake wanakubaliana pia juu ya upande mwingine. Alikuwa mtu mgumu kukaa naye. Alikuwa na hasira za haraka, aligombana na mume wake, na kwa miaka mingi waliishi mbalimbali. Wafanyakazi waliajiriwa na kuondoka. Mwanamke aliyeweza kukaa saa nzima akisubiri mwanga uligeukie jani, mara nyingi hakuweza kumsubiri binadamu amalize kujieleza.

Katika miaka yake ya mwisho alikuwa na nyumba kando ya Ziwa Naivasha, aliyoiita Elsamere. Leo sehemu kubwa ya mwambao wa ziwa hilo ina mashamba ya maua, na mawaridi hukatwa hapo kwa wingi kupelekwa Ulaya kwa ndege. Mengi kati yao huvunwa na mikono ya akina mama wa Kenya ambao majina yao hayaandikwi kwenye shada.

Tarehe 3 Januari 1980, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70, Joy aliuawa katika hifadhi ya Shaba, kaskazini mwa Kenya, alipokuwa akimlea chui wa kike ili amrudishe porini. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba. Uchunguzi ulionyesha ni majeraha ya silaha ya mwanadamu. Kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alitiwa hatiani, lakini hakunyongwa kwa sababu ya umri wake mdogo wakati wa tukio. Majivu ya Joy yalipelekwa katika hifadhi ya Meru, walikozikwa wanyama aliowapenda. George naye aliuawa kwa risasi na majambazi huko Kora mwaka 1989.

Tuwe waangalifu hapa. Hakuna hasira ya mwajiri inayohalalisha kumwaga damu, na yeyote asidhani kwamba kifo kile kilikuwa malipo. Yule mama aliuawa, na uuaji ni dhambi inayomlilia Mungu.

Tunachojifunza

Ni rahisi kumaliza habari hii kwa kusema kwamba Joy alipenda viumbe akasahau watu. Nadhani hiyo ingekuwa hukumu ya haraka, yaani tungekuwa tunafanya kosa lilelile la kutotazama. Maua yalimwokoa mtu aliyekuwa hana pa kushika. Yalimfundisha subira, unyenyekevu mbele ya kilichopo, na uaminifu katika mambo madogo. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba asiyejifunza kusimama mbele ya kitu kizuri na kukithamini huishia kuvitumia vitu vyote bila kujali. Joy alijifunza kusimama. Hilo si dogo.

Ila shule ya maua ina madarasa mawili. Katika la kwanza tunajifunza aina: hili ni waridi, hili ni yungiyungi. Seminari pia inatufundisha aina, na ni lazima: aina za dhambi, aina za hoja, aina za waamini. Padre asiyezijua atapotosha watu. Katika darasa la pili tunajifunza waridi hili moja, lenye petali iliyotobolewa. Siku moja atakuja mama mmoja kutoka Mang'ula au Kidatu, amechoka, maneno yake hayafuatani, na shida yake haifanani na mfano wowote wa kitabuni. Atakayemwona kama mfano wa kundi fulani atampa jibu la kundi. Itakuwa bora atakayekaa naye kama mchoraji anavyokaa na ua linalonyauka, akijua kwamba muda ni mfupi na kwamba huyu hatarudiwa.

Yesu Mwema aliwaambia wanafunzi wake wayatazame maua ya kondeni. Hakuishia kwenye maua. Aliyatumia kuwaonyesha jinsi Baba anavyomjali kila mmoja wao.

Tumwombee Joy Adamson, tuwaombee wote waliomtumikia, tumwombee na yule aliyemdhuru. Na msimu wa mvua ukirudi, maji yakitanda bondeni na yungiyungi zikifunguka, tusimame hata dakika chache kuzitazama. Kisha tumtazame kwa muda uleule mtu anayepita njiani amebeba jembe, tumwamkie, na tumuulize jina lake.